Mashine Inayoitika Ikiitwa

Mama aliyelala usingizi mzito haamshwi na ngurumo, wala na mbwa wanaobweka, wala na mlevi apitaye njiani akiimba. Lakini mtoto wake akilia kidogo tu katika chumba cha pili, mara ameketi kitandani. Masikio yake yalikuwa kazini usiku kucha, ila yalikuwa yakingoja sauti moja tu. Nyingine zote yaliziacha zipite.

Jambo hilo, ambalo mama hulifanya bila kufundishwa na mtu, wataalamu wa mashine wamelihangaikia kwa muda wa miaka mia moja hivi. Siku hizi twaziona simu na vyombo vya nyumbani ambavyo mtu huviita kwa jina, navyo vikaitika na kungoja amri. Watoto hucheka, wazee hutikisa kichwa, na wako wanaonong'ona kwamba ni uchawi. Si uchawi hata kidogo. Ni hesabu, tena hesabu ambayo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi aweza kuelezwa akaelewa.

Vijana wetu wengi wamekwisha kujifunza kuandika programu za kompyuta na za simu, na wengine wameanza kuzitia masikio. Kwa hiyo yafaa kila nyumba ijue kazi hii inavyofanyika, ina faida gani, na ina hatari gani.

MBWA ALIYETOKA KIBANDANI

Katika miaka ya 1920 watoto wa Marekani waliuziwa mwanasesere aliyeitwa Radio Rex. Alikuwa mbwa mdogo ndani ya kibanda chake. Mtoto akiita kwa nguvu, "Rex!", mbwa aliruka nje. Ndani ya kibanda mlikuwa na sumaku ya umeme iliyomshika mbwa, na nyuma yake springi iliyotaka kumsukuma. Sauti ya irabu iliyo katikati ya jina hilo ina mtetemo wa mara 500 hivi kwa sekunde. Mtetemo huo ulitikisa kipande cha chuma, umeme ukakatika, sumaku ikaachia, na mbwa akatoka.

Basi angalieni: mbwa huyo hakujua jina lake. Alijua mtetemo tu. Neno lingine lolote lenye irabu kama hiyo, likisemwa kwa nguvu, liliweza kumtoa kibandani. Na mtoto mwenye sauti nyembamba aliweza kumwita hata akachoka, mbwa asitoke. Makosa hayo mawili, yaani kuamka bila kuitwa na kuitwa bila kuamka, ndiyo yanayosumbua mashine zetu hata leo.

Mwaka 1952 wataalamu wa maabara ya Bell, huko Marekani, walitengeneza mtambo walioupa jina la Audrey. Ulikuwa mkubwa kama kabati, nao ulitambua tarakimu kumi tu, tena kwa sauti ya mtu ambaye ulikuwa umerekebishwa kwa ajili yake. Mwaka 1962, katika maonyesho ya dunia mjini Seattle, kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyoitwa Shoebox, iliyotambua maneno 16 na kufanya hesabu ndogo. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilikuwa na programu iliyoitwa Harpy, iliyotambua maneno 1,011.

Hata hivyo, mashine hizo zote zilihitaji mtu aziandae kwanza ndipo azungumze nazo. Ilibaki kazi ya kufanya mashine ikae kimya kutwa nzima, isikie kelele zote za nyumba, na iamke kwa jina lake tu. Mwaka 2014 kazi hiyo iliingia majumbani: kampuni ya Amazon ilitoa chombo kiitwacho Echo, kinachoitika kwa jina la Alexa, na mwaka huo huo simu za Apple zikaanza kuitika kwa maneno "Hey Siri".

KAZI MBILI, SI MOJA

Watu wengi hudhani kwamba mashine ya namna hii husikia na kuelewa kila neno. Sivyo. Zipo kazi mbili, nazo hufanywa na watumishi wawili mbalimbali.

Mtumishi wa kwanza ni mlinzi wa mlangoni. Huyu hana elimu kubwa. Ajua neno moja tu, neno la kuamsha, na kazi yake ni kujibu swali moja tena na tena, mara nyingi katika kila sekunde: "Je, hili ni jina letu?" Mtumishi wa pili ni karani aliye ndani. Huyu ana elimu, ajua maneno mengi, aweza kuandika yale yaliyosemwa na kutafuta maana yake. Lakini hula sana: hula umeme wa betri, na mara nyingi hula bando la intaneti, maana kazi yake huenda ikafanywa katika kompyuta kubwa zilizo mbali.

Kama karani huyu angeachwa macho siku nzima, simu iliyotiwa moto kwa umeme wa jua asubuhi ingezimika kabla ya adhuhuri. Tena kila neno la nyumbani lingekuwa likipelekwa nje. Ndiyo sababu huwekwa mlinzi mdogo asiyekula sana, naye ndiye amwamshaye karani. Kampuni ya Apple ilieleza mwaka 2017 kwamba katika simu zake wapo walinzi wawili: mdogo sana ambaye halali, na mkubwa kidogo ambaye huamshwa na yule mdogo ili ahakikishe kabla ya kufungua mlango.

SAUTI YAGEUKA NAMBA

Mlinzi husikiaje? Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huupokea mtikisiko huo na kuugeuza umeme, na simu hupima umeme huo kwa haraka sana, kwa kawaida mara 16,000 katika kila sekunde. Kila kipimo ni namba. Basi sekunde moja ya maneno yako ni safu ya namba 16,000.

Kwa nini wasipime mara 8,000 tu, wakapunguza kazi? Sababu ni kwamba ukipima mara 8,000 huwezi kupata mitetemo inayozidi 4,000 kwa sekunde, na sauti nyembamba kama ya herufi "s" ina sehemu yake kubwa juu ya hapo. Tutaona baadaye jinsi herufi hiyo moja inavyoweza kumpotezea mkulima fedha.

Namba hizo hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja cha sehemu 25 za elfu ya sekunde, na kila kipande humpanda mwenzake kidogo kama vigae vya paa. Katika kila kipande programu hutazama kuna nguvu kiasi gani katika sauti nene, kiasi gani katika sauti za kati, na kiasi gani katika zile nyembamba. Vipande hivyo vikipangwa pamoja hufanya kama picha ya neno. Neno "mama" lina picha yake, na neno "shoka" lina picha nyingine kabisa.

Mlinzi huweka picha ya sekunde moja au mbili zilizopita tu. Fikirini ubao mdogo wa shule ambao mwalimu huandika upande wa kulia huku akifuta upande wa kushoto bila kukoma. Programu iliyotengenezwa kwa uaminifu haiweki kitu kingine. Yaliyofutika yamefutika.

MLINZI HUFUNDISHWA KWA MIFANO

Mlinzi hafundishwi kwa kanuni, bali kwa mifano, kama mtoto afundishwavyo kumtambua nyanya yake. Huchezeshewa sauti za watu mamia na maelfu wakitamka neno la kuamsha: wanaume, wanawake, watoto, wazee wasio na meno, wenye mafua, walio karibu na walio mbali. Kisha huchezeshewa sauti nyingi zaidi ambazo siyo neno hilo: mazungumzo ya kawaida, redio, jogoo, pikipiki, mvua juu ya bati. Kila akikosea, hesabu zake za ndani husogezwa kidogo hata makosa yapungue. Hesabu hizo zilizounganishwa pamoja ndizo wataalamu waziitazo mtandao wa neva.

Ili mpate kuona mifano hiyo ni mingi kiasi gani: kampuni ya Google ilitoa bure kwa watu wote mkusanyo wa maneno mafupi ya Kiingereza, na katika toleo lake la mwaka 2018 mna sauti 105,829 za maneno 35, zilizotamkwa na watu 2,618. Vijana wengi wa dunia walianza kujifunza kazi hii kwa mkusanyo huo.

Mafunzo yakiisha, mlinzi akisikia kitu hatoi jibu la ndiyo au hapana. Hutoa alama, kuanzia sifuri hadi moja. Alama 0.1 maana yake, "Sidhani." Alama 0.9 maana yake, "Nadhani ndilo." Mwenye kuandika programu ndiye awekaye kizingiti: alama ikivuka hapo, mlango ufunguliwe. Akiweka kizingiti chini sana, mashine itaamka kila mtu akikohoa. Akikiweka juu mno, wenye nyumba wataita hata sauti iwakauke. Kila hatua ya kupunguza kosa moja huongeza kosa lingine, wala hakuna kizingiti kisicho na makosa.

Ipo programu ya bure iitwayo openWakeWord, nayo watengenezaji wake wamejiwekea lengo: isiamke bure hata mara moja katika saa mbili, na katika miito 100 isikose kuitika zaidi ya mara 5. Hayo ndiyo malengo ya watu wenye ujuzi. Kijana asiyejaribu programu yake kwa saa nyingi katika nyumba yenye kelele hawezi kujua amefikia wapi.

JINA LIWE JINA GANI?

Hapa ndipo wengi hukosea mapema. Neno la kuamsha lisiwe fupi, maana neno fupi lafanana na mengi. Liwe na silabi tatu au nne au zaidi, zenye sauti zinazotofautiana. Tena lisiwe neno lisemwalo kila siku.

Kwa Kiswahili, mtu akichagua "haya" au "basi", mashine yake haitapata usingizi kamwe. Akichagua "Maria", katika kijiji chetu nusu ya wasichana wataitwa na mashine itaitika pamoja nao. Akichagua "hodi" peke yake, kila jirani afikaye mlangoni ataiamsha. Lakini "Hodi Mizani", mathalani, ni mwito mzuri: una silabi tano, hausemwi na mtu katika mazungumzo, na kila mtu aweza kuutamka, awe Mhaya, Mchaga au Mnyamwezi. Na uzuri wake mwingine ni huu: mashine yaweza kujibu, "Karibu," na mwenye kuita akajua kwamba amesikiwa. Ni desturi yetu wenyewe, haihitaji kufundishwa.

MFANO WA MIZANI YA KAHAWA

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Tumfikirie kijana anayeandika programu kwa ajili ya chama cha msingi cha kahawa. Siku ya kupima, mpima ameshika gunia kwa mikono miwili, vumbi limemjaa vidoleni, na foleni ni ndefu. Hawezi kugusa simu. Kijana asema: nitaitia programu masikio. Mpima ataita, "Hodi Mizani," itajibu, "Karibu," naye atasema, "Andika kilo sitini."

Shauri jema. Lakini tazameni maneno haya mawili: sitini na tisini. Herufi ni zile zile. "S" na "t" zimebadilishana nafasi tu. Ndivyo ilivyo hata kwa sita na tisa. Mtu husikia tofauti kwa urahisi mahali penye utulivu. Lakini upepo ukivuma katika maikrofoni, au mashine ya kukoboa ikinguruma karibu, ile "s" nyembamba huweza kufunikwa. Mkulima aliyeleta kilo 90 akiandikiwa 60, amepotewa na kilo 30. Kama bei ingekuwa shilingi 4,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 120,000. Hizo ni sare na madaftari ya watoto. Zimepotea kwa sababu ya herufi moja, wala hakuna mwizi wa kukamatwa.

Sisi tuliozoea kuandika katika vitabu vya hesabu tuna desturi ya zamani: tukisha kuandika, twamsomea mwenyewe, naye asema ni sawa au si sawa. Mashine nayo yapaswa kufanya hivyo hivyo. Iseme kwa sauti kubwa, mkulima akiwa amesimama pale, "Kilo tisini. Ni sawa?" na ionyeshe namba hiyo kwa tarakimu kubwa juu ya kioo. Isiandike kitu mpaka ijibiwe. Na majibu yenyewe yachaguliwe vema. "Ndiyo" na "siyo" hufanana mwishoni, nayo ni hatari. "Sawa" na "futa" hayafanani.

Kadhalika amri nyingine. Kiswahili chetu kina "funga" na "fungua", maneno ya maana mbili zinazopingana, yakitenganishwa na irabu moja tu. Mwenye hekima hataziweka amri hizo pamoja. Atasema "anza" na "maliza". Amri ziwe chache, kila moja isifanane na nyingine, nazo ziandikwe juu ya karatasi na kubandikwa ukutani.

Kuna jambo lingine ambalo Kiingereza hakilijui sana. Kwa Kiingereza neno la amri hubaki lile lile karibu wakati wote. Kwetu neno huvaa nguo nyingi: soma, nisomee, tusomee, naomba unisomee, hebu soma tena. Programu inayojua "soma" peke yake itamwacha bubu bibi mwenye adabu asemaye, "Naomba unisomee, mjukuu wangu." Kwa hiyo mwandishi wa programu na akusanye kwanza jinsi watu wenyewe wasemavyo, bila kuwasahihisha, kisha aifundishe mashine kwamba maneno hayo yote yana nia moja.

Na asisahau mambo madogo. Mashine ijue mtu amemaliza kusema, kwa kawaida kwa kungoja kimya kifupi. Lakini wazee hupumzika katikati ya maneno, basi isiwe na haraka. Mashine yenyewe inapozungumza, isijisikie ikadhani imeitwa; ni lazima iitoe sauti yake katika yale inayoyasikia. Isipoelewa, iseme wazi, "Sikuelewa," isikisie. Na vitufe visiondolewe, maana siku ya mvua kubwa juu ya bati hakuna mashine itakayosikia neno.

SAUTI ZA NANI?

Tulisema kwamba mlinzi na karani hufundishwa kwa mifano. Basi twauliza: ni mifano ya sauti za nani? Mashine iliyofundishwa kwa sauti za watu wa mji mmoja itawasikia watu wa mji ule. Wengine itawafanya viziwi au bubu, hali wao si viziwi wala bubu.

Kwa bahati njema kazi imeanza. Mwaka 2017 Google ilipoongeza lugha 30 katika uandishi wa kwa sauti, Kiswahili na Kiamhari vilikuwamo. Mwaka huo huo shirika la Mozilla lilianzisha Common Voice, ambako watu wa kila lugha husoma sentensi fupi katika simu au kompyuta, na wengine husikiliza na kuhakikisha, ili sauti hizo zitumike bure na yeyote anayetaka kufundisha mashine. Wanyarwanda wameonyesha mfano wa kusifiwa: lugha yao imekusanyiwa zaidi ya saa 2,000 za sauti, ikazipita lugha nyingi za mataifa makubwa na matajiri. Kiswahili nacho kimo, na mamia ya saa yamekwisha kurekodiwa.

Lakini wanaosoma sentensi hizo zaidi ni vijana wenye simu nzuri na elimu ya kusoma. Bibi asiyejua kusoma hawezi kusoma sentensi juu ya kioo. Na kumbe ndiye angefaidiwa zaidi na mashine inayosikia! Yeye, na kipofu, na mtu ambaye mikono yake haina nguvu, na mkulima mwenye matope vidoleni. Kwao sauti si mchezo wa watoto. Ni mlango wa pekee wa kuingilia katika mambo ambayo wengine tunayapata kwa kidole kimoja. Kijana anayetengeneza programu ya kijiji asiridhike mpaka amekaa na wazee, amewaomba kwa heshima, wamekubali, na amerekodi sauti zao wakisema kwa namna yao.

MASIKIO YASIYOLALA NDANI YA NYUMBA

Akina baba na akina mama, sasa tufikie jambo la nyumbani. Chombo kinachongoja jina lake ni chombo chenye maikrofoni iliyo wazi. Kikiamka bure, maneno yanayofuata yaweza kupelekwa mahali msipojua.

Si hofu tupu. Mwezi wa Januari 2017, katika mji wa San Diego, Marekani, televisheni moja ilitangaza habari za mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kwa kuzungumza na chombo cha Alexa. Mtangazaji alipoyarudia maneno ya mtoto yule, watazamaji walipiga simu kusema kwamba vyombo vyao wenyewe vilikuwa vimesikia na kujaribu kuagiza.

Mwaka 2019 magazeti ya Ulaya na Marekani yalifunua kwamba Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu walioajiriwa kusikiliza sehemu ya maneno yaliyorekodiwa, ili kusahihisha mashine. Wenye nyumba wengi hawakulijua hilo. Mwaka ule ule Apple iliomba radhi na kusema kwamba isingefanya hivyo tena isipokuwa mtu amekubali. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 baada ya serikali ya Marekani kuishitaki kwamba iliweka sauti za watoto hata wazazi walipotaka zifutwe. Na mwezi wa Januari 2025 ilijulikana kwamba Apple imekubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya watu waliodai kwamba Siri iliamka bila kuitwa na kunasa mazungumzo yao ya siri. Kampuni yenyewe ilikana kosa.

Tufanye nini basi? Tuzitupe simu? Hapana. Kisu hukata nyama na hukata kidole, wala hatujaacha kupika. Yafaa kujua haya:

Kwanza, programu yoyote inapowekwa katika simu huomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Usiikubali bila kufikiri. Programu ya tochi au ya kalenda haina haja ya masikio.

Pili, angalieni juu ya kioo. Katika simu za Android kuanzia toleo la 12, alama ndogo ya kijani hutokea maikrofoni inapotumika. Katika iPhone, tangu mwaka 2020, hutokea nukta ya rangi ya chungwa. Ukiiona nawe huzungumzi na simu, jiulize ni nani anayesikiliza.

Tatu, mwito wa kuamsha waweza kuzimwa katika mipangilio ya simu. Kama hamwutumii, uzimeni. Simu itabaki kuwa simu, na betri itadumu.

Nne, fedha zisipelekwe kwa sauti peke yake. Mtoto aweza kuiga sauti ya baba, na siku hizi hata kompyuta zaiga. Namba ya siri ibaki mahali pake.

Tano, watoto wafundishwe kwamba mashine si mtu. Huitika, lakini haimjui mtoto wala haimpendi. Jambo la moyoni humwambia mama yake, si chombo kilicho juu ya kabati.

NENO KWA VIJANA WANAOANDIKA PROGRAMU

Nanyi vijana, msiogope kazi hii. Vifaa vya kuanzia vyapatikana bure, na simu ya kawaida yatosha. Mlinzi wenu mumweke ndani ya simu yenyewe, msimpeleke ng'ambo. Hata amri chache zaweza kutambuliwa humo humo bila intaneti; jambo hilo huokoa bando, na tena hutunza siri za nyumba. Kama ni lazima sauti itoke, semeni wazi, kwa Kiswahili chepesi, inakwenda wapi, inakaa siku ngapi, na inafutwaje. Jihadharini pia na sauti za kutengenezwa na kompyuta ambazo hutumika siku hizi kufundishia walinzi: huokoa kazi nyingi, lakini kama hazitamki kama watu wa kwenu, mlinzi wenu atawatambua wageni na kuwakataa wenyeji.

Kisha jaribuni. Msijaribu chumbani peke yenu usiku, kila kitu kikiwa kimya. Nendeni sokoni. Nendeni penye mizani siku ya foleni. Mpeni simu bibi mkongwe, mkae kando, msimwambie la kufanya. Hesabuni mara ngapi ameita na mara ngapi ameitikiwa. Andikeni namba hizo katika daftari, hata kama zinawaaibisha. Mkulima wa kilo tisini hatauliza programu imetumia ujuzi gani. Atauliza imeandika ngapi.